Barabara za Algiers Zilipopewa Ngoma



Tarehe 21 Julai, 1969, redio za dunia zilikuwa na habari moja iliyozimeza nyingine zote. Wamarekani wawili walikuwa wamekanyaga mwezi. Siku hiyo hiyo, katika mji wa Algiers, ulioko pwani ya kaskazini ya bara letu, Waafrika kutoka nchi zaidi ya 30 walikuwa wakikanyaga lami. Walipita kwa ngoma na zumari, kwa vinyago na mavazi ya kwao, mbele ya umati uliosongamana kando ya barabara. Huo ulikuwa ndio ufunguzi wa Tamasha la Kwanza la Utamaduni wa Afrika Nzima, lililoandaliwa chini ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Liliendelea kwa siku 12, hadi tarehe 1 Agosti.

Juu ya hotuba za tamasha lile yamekwisha kuandikwa mengi. Wasomi walikutana, wakabishana vikali kuhusu falsafa ya Rais Senghor wa Senegal juu ya utu wa mtu mweusi, na mwishowe wakatoa tamko lililosema kwamba utamaduni ni silaha ya ukombozi. Hayo tuwaachie wasomi. Leo tuizungumze barabara yenyewe, na mtu anayeilinda.

Algiers ni mji uliojengwa kwenye mteremko. Chini iko bandari, pamoja na barabara pana zilizojengwa na Wafaransa. Juu uko mji wa kale uitwao Kasba, wenye vichochoro vya ngazi ambavyo punda hupita na gari halipiti. Mwezi Januari, 1957, mwaka wa tatu wa vita vya ukombozi, serikali ya kikoloni ilimkabidhi Jenerali Massu na Divisheni yake ya 10 ya askari wa miavuli madaraka ya polisi katika mji huo. Kasba ikazungushiwa seng'enge na vizuizi. Mwanamke aliyetaka kwenda sokoni ilimpasa kupita mbele ya bunduki na kupekuliwa. Tarehe 28 ya mwezi huo, chama cha FLN kilipoitisha mgomo wa siku nane, askari walivunja milango ya maduka yaliyofungwa, wakawatoa wafanyakazi majumbani mwao na kuwapakia kwenye malori kwenda kazini. Usiku nyumba zilivamiwa, na waliochukuliwa wengi hawakurudi.

Kuna mtu mmoja wa habari hizo ambaye polisi wanaonisikiliza wanastahili kulijua jina lake. Paul Teitgen alikuwa Katibu Mkuu wa Polisi mjini Algiers, Mfaransa, mtumishi wa serikali ile ile. Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa ameteswa na polisi wa siri wa Hitler. Mwaka 1957 alipoona miilini mwa wafungwa wa Algiers alama zilizofanana na zile alizopata kuzibeba yeye mwenyewe, aliandika barua ya kujiuzulu, na baadaye mwaka huo akaondoka katika kazi hiyo. Alikuwa mtu wa makaratasi na hesabu, na hesabu yake ya watu waliotiwa nguvuni wasionekane tena ilipita 3000.

Desemba 1960 wananchi walishuka barabarani kwa wingi, wakiwa na bendera zilizoshonwa majumbani, wakapigwa risasi. Tarehe 5 Julai, 1962, baada ya miaka 132 ya kutawaliwa, Algeria ikawa huru. Basi mtu mzima wa Algiers aliyesimama kando ya barabara mwezi Julai 1969 kuwatazama wacheza ngoma alikuwa amesimama mahali ambapo miaka kumi na miwili tu nyuma alipita mikono juu. Ni vigumu kulielewa tamasha lile bila kulijua jambo hilo. Wageni walidhani wanaona furaha ya siku moja, kumbe mwenyeji alikuwa akihesabu.

Tusiseme kwamba tangu uhuru barabara hizo zilikuwa za ngoma tu. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Juni, 1965, vifaru vya jeshi la Algeria lenyewe viliingia mjini, na Kanali Boumediene akamwondoa madarakani Rais Ben Bella. Wakati huo matayarisho ya filamu juu ya vita vya Algiers yalikuwa yakiendelea mjini, na inasimuliwa kwamba baadhi ya watu walipoviona vifaru hivyo walidhani ni sehemu ya mchezo. Boumediene huyo ndiye aliyelifungua tamasha miaka minne baadaye. Mkono uliowahi kuleta vifaru ndio ulioleta ngoma, na watu wa Algiers walizipokea ngoma hizo kwa mikono miwili wakijua hivyo.

Sasa tutazame michezo yenyewe. Kumbi na kiwanja cha michezo vilitumika, lakini majukwaa mengi yalisimamishwa katika viwanja vya wazi mjini, mahali ambapo mtu alifika bila tiketi na akaondoka alipochoka. Miriam Makeba, ambaye Makaburu walimnyang'anya pasi ya Afrika Kusini mwaka 1960 na ambaye wakati huo alikuwa amehamia Gine, aliimba Algiers. Nina Simone alitoka Marekani. Mpiga saksafoni Archie Shepp, Mmarekani mweusi pia, alisimama na wanamuziki wa Kituareg kutoka jangwani, akapuliza pamoja nao bila kuijua lugha yao, na sauti hizo zikanaswa katika sahani ya santuri ambayo ipo hadi leo. Mpiga filamu William Klein alizunguka na kamera zake usiku na mchana. Katika picha zake unaona jambo ambalo maandishi hayawezi kulionyesha vizuri, yaani jinsi mpaka kati ya mchezaji na mtazamaji ulivyokuwa unafutika. Wacheza ngoma wanapita, watoto wanawafuata, kisha huwezi kusema tena nani amekuja na ndege na nani ametoka Kasba.

Hiyo ndiyo tabia ya mchezo wa barabarani. Ukumbini kuna ukuta, kuna mlango na mtu wa kukata tiketi. Kila mtazamaji ana kiti chake na hutazama upande mmoja. Barabarani watu hufanya duara. Waarabu wa kaskazini mwa Afrika wana neno la duara hilo, huliita halka, na tangu zamani msimulizi wa hadithi na mwanasarakasi walifanya kazi yao ndani yake katika siku za soko. Katika nchi jirani ya Moroko wako wanasarakasi wa eneo la Sous, wafuasi wa walii Sidi Ahmed u Musa, wanaopandiana mabegani hadi kufanya mnara wa watu. Inasemekana kwamba michezo yao ilianza kama mazoezi ya vita, kwa ajili ya kupanda kuta za adui. Askari atalikubali jambo hilo upesi, maana mtu wa chini kabisa katika mnara ule, anayewabeba wote na haonekani na mtu, anafanya kazi anayoifahamu.

Miaka mitatu baada ya tamasha, mwandishi wa tamthilia wa Algeria, Abdelkader Alloula, alikipeleka kikundi chake mashambani na mchezo uitwao El Meida. Walikuwa na jukwaa lenye mapambo, kama walivyofundishwa. Wakulima walipokuja, hawakuketi mbele. Walikaa chini kulizunguka jukwaa pande zote, kama walivyozoea sokoni, hata mapambo yakawa yanawazuia nusu ya watu wasione. Ikabidi yaondolewe, na waigizaji wakacheza katikati ya duara tupu. Alloula alikiri kwamba siku hiyo wakulima ndio waliomfundisha tamthilia, na kazi zake zote zilizofuata zilitokana na duara lile. Mwezi Machi, 1994, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, alipigwa risasi mjini Oran, akafa siku chache baadaye.

Ye yote miongoni mwenu aliyepata kupangwa zamu kwenye ngoma kubwa anajua kwamba duara ni kitu kigumu kukilinda kuliko mstari. Mstari una mbele na nyuma. Duara hukaza kuelekea katikati, kwa sababu kila mtu aliye nyuma anataka kuona, na anayesukumwa mbele hana pa kwenda ila miguuni mwa wachezaji. Kirungu hapo hakifai. Ukimpiga wa mwisho atamsukuma aliye mbele yake, na mtoto wa mstari wa kwanza ndiye atakayekanyagwa. Askari mwenye uzoefu huyasimamia mambo mawili tu: njia ya kupitishia majeruhi iwe wazi, na wale wa mbele wakae chini. Mengine humwachia mpiga ngoma, ambaye kwa kawaida anaufahamu umati kuliko sote. Tena askari huyo amepewa amri ya kuupa mgongo mchezo. Anazilinda dakika ambazo yeye hazioni.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna historia yetu katika jambo hili, na ilianza ndani ya sare. Mwishoni mwa karne ya 19, katika miji ya pwani kama Lamu na Mombasa, vijana waliyatazama magwaride ya Wazungu, wakayachukua na kuyafanya ngoma. Waliiita Beni, kwa sababu ya tarumbeta na ngoma za bendi. Walikuwa na vyeo, wakiwamo Kingi na Jenerali. Walikuwa na kwata, na mashindano makali kati ya mtaa na mtaa. Vita ya 1914 hadi 1918 ilipofika, askari na wapagazi walizichukua Marini na Arinoti, vyama vikubwa vya Beni, kutoka pwani hadi maziwa makuu na Nyasa. Mkoloni aliyatazama hayo asijue acheke au aogope. Alikuwa amewafundisha watu kupiga kwata, nao walikuwa wakimwonyesha kwamba wamejifunza.

Mwaka 1935, huko Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, kodi ya wafanyakazi wa migodi ya shaba ilipandishwa, wakagoma. Tarehe 29 Mei, huko Luanshya, askari waliwapiga risasi watu sita wakafa. Tume ya uchunguzi ilipokaa, moja ya mambo iliyoyapekua ni ngoma: viongozi wa Beni waliitwa waeleze chama chao ni cha nini, kwa sababu serikali ilishuku kwamba watu wanaoweza kujipanga kwa ajili ya kucheza wanaweza kujipanga kwa ajili ya kugoma. Shaka hiyo haikuwa ya kijinga. Ujinga ulikuwa kudhani kwamba dawa yake ni kuihoji ngoma na kuiacha kodi.

Wapigania uhuru wetu waliuelewa uwezo huo wa ngoma mapema. Mwaka 1958, vita vikiwa vimepamba moto, FLN iliunda mjini Tunis kikundi chake cha sanaa chini ya Mustapha Kateb, nacho kikazunguka nchi za kigeni, Uchina na Urusi zikiwamo, kikiieleza Algeria kwa nyimbo na michezo ya kuigiza. Kwa hiyo mwaka 1969 wenyeji hawakuwaona wageni kutoka vyama vya ukombozi kuwa wapambe wa sherehe. FRELIMO walikuwapo, MPLA ya Angola walikuwapo, na PAIGC ya Gine-Bissau pia. FRELIMO walifika Algiers katika mwaka wa msiba: tarehe 3 Februari, kiongozi wao Eduardo Mondlane alikuwa ameuawa hapa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Wale kati yenu waliotumikia kusini miaka hiyo wanaukumbuka uwanja wa Nachingwea, ambako vijana wa Kimakonde, Kimakua na makabila mengine ya Msumbiji walifundishwa bunduki mchana na jioni wakafundishana ngoma zao. Hakuna chumba cha mkutano ambacho kingefanya kazi hiyo upesi namna ile.

Lakini iko habari nyingine ya mwaka huo huo, na haitakuwa haki kuiruka kwa sababu tu haipendezi. Gine ilikuwa na sifa kubwa Algiers. Bendi yake, Bembeya Jazz, ilishinda medali ya fedha kwa utungo mrefu unaosimulia maisha ya Samori Toure, jemadari aliyepigana na Wafaransa kwa miaka mingi hadi alipokamatwa mwaka 1898. Sifa ya Gine katika ngoma za jukwaani, hata hivyo, ilianzishwa na mtu mwingine, Keita Fodeba, aliyeunda katika miaka ya 1950 kikundi kilichoitembeza ngoma ya Afrika duniani. Baada ya uhuru Fodeba aliacha jukwaa, akawa waziri, na kwa miaka kadhaa ulinzi na usalama wa nchi vilikuwa mikononi mwake. Kambi Boiro mjini Conakry ilifanywa gereza la kisiasa katika wakati wake. Machi 1969 yeye mwenyewe alitiwa ndani kwa tuhuma za njama, akafungwa katika kambi hiyo hiyo, na mwezi Mei akauawa. Miezi miwili baadaye wasanii wa Gine walikuwa Algiers wakishangiliwa. Miongoni mwa waliowashangilia, waliojua ni wangapi?

Miaka minane baadaye ilikuwa zamu ya Lagos. Kuanzia tarehe 15 Januari hadi 12 Februari, 1977, Nigeria iliandaa tamasha lililoitwa FESTAC, kubwa kuliko la Algiers, likiwa na watu kutoka nchi zaidi ya 50. Serikali ilikuwa ya kijeshi, fedha za mafuta zilikuwa tele, na huko Kaduna wapanda farasi wa kaskazini walifanya gwaride lililowaacha wageni vinywa wazi. Mwanamuziki Fela Kuti alikataa kushiriki. Alipiga muziki nyumbani na katika ukumbi wake mwenyewe, na wageni wengi wakamfuata huko. Alikuwa tayari ametunga wimbo uliowadhihaki askari kuwa ni watu wasiofikiri mpaka waambiwe, na wimbo huo ulipendwa barabarani.

Tarehe 18 Februari, siku sita tu baada ya tamasha kufungwa, askari wapatao 1000 waliizingira nyumba yake. Waliwapiga waliokuwamo, wakaichoma moto. Mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, mwanamke aliyepata kuwaongoza wanawake wa Abeokuta dhidi ya kodi ya kikoloni, alitupwa chini kutoka dirishani, na alifariki mwezi Aprili mwaka uliofuata. Serikali iliunda tume. Tume ilisema kwamba kazi ile ilifanywa na askari wasiojulikana waliokuwa wamekasirishwa.

Nawaombeni mlifikirie neno hilo, askari asiyejulikana. Katika majeshi mengi duniani, askari asiyejulikana ni yule aliyekufa vitani asitambuliwe, naye hujengewa mnara na kuwekewa shada la maua. Huko Lagos jina lile lilitumika kuwafunika watu 1000 waliotoka kambini mchana, wenye namba, wenye makamanda, wakarudi kambini mchana huo huo. Jeshi lililokuwa limesimama kwa heshima mwezi mzima kuwalinda wacheza ngoma wa dunia lilishindwa kumvumilia mwimbaji mmoja wa mtaani kwake. Na wale askari wengine, waliofanya kazi njema ya tamasha kwa majuma manne bila lawama, nao walipakwa tope lile lile.

Algiers iliandaa tena tamasha la Afrika nzima mwezi Julai, 2009, miaka 40 baada ya lile la kwanza. Vikundi vya ngoma vilipita tena barabarani, na watu wa makamo waliwaonyesha watoto wao mahali waliposimama mwaka 1969. Sheria ya hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1992 ilikuwa bado inatumika, na maandamano katika mji huo yalikuwa yamepigwa marufuku tangu Juni 2001. Basi kwa siku zile za Julai barabara zilifunguliwa kwa ngoma, na ngoma zilipokwisha marufuku ilikuwa pale pale. Hali ya hatari iliondolewa mwaka 2011. Februari 2019 wananchi walizijaza barabara hizo hizo kwa miguu yao wenyewe, kila Ijumaa kwa zaidi ya mwaka mmoja, bila kualikwa na serikali, na hata hapo ngoma na nyimbo hazikukosekana.

Miriam Makeba hakuwahi kuliona tamasha la pili. Algeria ilikuwa imempa uraia katika miaka yake ya ukimbizi, nchi yake mwenyewe ikiwa imemfungia mlango. Alifariki Novemba 2008 huko Italia, baada ya kushuka jukwaani alikokuwa akiimba.